Hongera, Fundi Umeme

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, magari ya kifahari yameongezeka mjini, ila vumbi ni lilelile. Magari hayo yakisumbua, namvulia kofia fundi umeme wa magari.

Dereva akikanyaga breki, indiketa nayo inamemeteka. Kompyuta ya gari inalaumu balbu. Wenye haraka wangenunua taa nzima, bei ya ng'ombe kadhaa. Fundi hanunui kitu. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa eathi wa taa: volti 2! Ilitakiwa ikaribie sifuri. Anafungua bolti moja, anakwangua kutu kwa msasa, anakaza.

“Kanyaga tena, kaka,” anasema, kachuchumaa nyuma ya gari.

Nyekundu tupu.