Vua Viatu, Mzee

Siku hizi mzee huingia kwa tabibu na viatu na kutoka navyo. Amepimwa presha, ametobolewa kidole kutazamwa malaria, ameandikiwa dawa. Nyayo zake hakuna aliyeziona. Ndivyo unavyotuponyoka ufundi wa kukagua ngozi, ufundi unaotaka mwanga wa dirishani, rula na mtu asiye na haraka. Kwa mzee wa Mtua, au popote Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, aliyezeekea kwenye mikorosho na ufuta, doa jeusi linalobadilika linastahili ukaguzi huo, tena kuanzia miguuni. Kwa watu weusi, sehemu kubwa ya melanoma, saratani ya chembe zinazoipa ngozi rangi, huota nyayoni, viganjani au chini ya kucha. Anayesema ngozi nyeusi ina kinga yake hajakosea kuhusu jua. Ila saratani ya wayo haingoji jua.

Madaktari wa New York walipotoa mwongozo wao wa kutambua melanoma mwaka 1985, walihimiza kutazama umbo lisilolingana, kingo zilizochongoka ovyo, rangi zilizochanganyika na upana uliozidi milimita 6. Mabadiliko ya doa yaliongezwa kwenye orodha hiyo mwaka 2004, nami kwa mzee ningeyatanguliza. Uso wa uzeeni hujaa vidutu vyeusi visivyodhuru, na vidole vya mbangua korosho huiva weusi kwa mafuta makali ya ganda. Anayetazama rangi peke yake atatishika bure, au atauzoea weusi asione tena kitu. Weusi wa korosho hubanduka na ngozi, doa la hatari hubaki likitanuka. Kucha ndizo zinazompima fundi hasa. Mstari mweusi kwenye kucha ni jambo la kawaida kwa wazee wetu, zaidi ukiwa kwenye vidole kadhaa. Lakini mstari wa kidole kimoja, unaopanuka kuelekea shina la kucha, kisha weusi ukavuka na kuingia kwenye nyama, kama alivyoueleza daktari Jonathan Hutchinson wa Uingereza katika karne ya 19, huo haungojwi. Hapo huulizwa kwa upole: mzee, doa hili lilianza lini, na lilikuwa na ukubwa gani? Akijibu kwamba alijikwaa kwenye kisiki, neno lake lipokewe kwa heshima, kisha lichunguzwe: damu iliyovia chini ya kucha husogea mbele kucha inapokua, melanoma hubaki na shina lake.

Watasema foleni ni ndefu na wahudumu wachache. Ni kweli, na tangu 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC kiko Moshi, mbali mno na Ruangwa. Lakini kutazama nyayo mbili ni kazi ya dakika chache. Watasema simu itatazama badala yetu. Picha iliyopigwa na rula pembeni ni kumbukumbu njema, ila programu nyingi za kutambua madoa zilifunzwa kwa ngozi nyeupe, na hakuna simu inayomvua mtu viatu. Wengine hulikata doa kwa wembe au kuliunguza kwa dawa, wakapoteza nyama ambayo maabara ingeipima unene. Na unene ndio unaoamua: melanoma isiyozidi unene wa milimita 1 mara nyingi hupona kwa kukatwa tu. Uchungu ni kwa wanaofika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakiwa tayari na mitoki kinenani, baada ya kidonda cha wayo kubadilishwa bendeji mwezi hadi mwezi, bila mtu kuuliza kilianza kama nini.