Nyimbo za Wazungu katika Michezo ya Televisheni ya Wajapani

Wasomaji wengine wataona ajabu wakisikia kwamba huko Japani, nchi yenye waimbaji wake wengi na hodari, mchezo wa televisheni unaosimulia mambo ya jamaa ya Kijapani pengine hufunguliwa na sauti ya mwanamke wa Marekani aimbaye Kiingereza. Baba, mama na watoto hugombana na kupatana kwa lugha yao. Kisha wimbo waja kuwalilia kwa lugha ambayo watazamaji wengi hawaifuati neno kwa neno. Je, ni pambo tu? Ni biashara? Au wimbo wa kigeni waweza kusema jambo ambalo wimbo wa nyumbani usingaliweza kulisema? Sisi twaona kwamba jibu si lile lile kwa michezo yote. Basi, na tuitazame.

Ulio bora kupita yote, kwa maoni yetu, ni wa zamani: Kishibe no Album, yaani Albamu ya Ukingoni mwa Mto, ulioonyeshwa na kituo cha TBS mwaka 1977. Aliyeuandika ni Yamada Taichi, aliyefariki mwaka 2023. Jamaa moja yakaa katika nyumba nzuri kando ya mto Tama, karibu na Tokyo. Baba ni mtu wa kampuni ya biashara, haonekani nyumbani ila usiku. Mama apigiwa simu na mwanamume asiyemjua, na pole pole anaanza kukutana naye kwa siri. Watoto nao wana siri zao. Kwa nje, kila kitu ni safi na kimepangwa vema.

Sasa sikilizeni jinsi mchezo unavyofunguliwa. Twaonyeshwa picha za kweli, zilizopigwa na watu wa habari mwezi wa Septemba 1974, wakati mto huo ulipobomoa ukingo wake huko Komae ukachukua nyumba 19. Nyumba yainama, yaanguka majini, yaenda zake na paa lake kama mtumbwi. Na juu ya picha hizo Janis Ian anaimba kwa upole Will You Dance?, yaani mwaliko wa kucheza dansi. Hakuna ngoma ya kutisha, hakuna kilio. Mtu aliyeanza kutazama siku ya kwanza ajua tayari kwamba nyumba hii itakwenda na maji, wala hawezi kumwonya mama huyu anayepanga vyombo vyake mezani. Wimbo wa Kijapani wenye maneno ya huzuni ungalitufasiria mambo mapema mno, kama mtu anayekushika mkono kanisani na kukuonyesha mahali pa kulia. Wimbo huu hautufasirii neno. Watuacha peke yetu na maji. Na mwishoni, jamaa ile inapokimbilia kuokoa albamu za picha zake, zile picha ambamo wote wanacheka, tunaelewa kwa nini mwaliko ule wa dansi ulikuwa mchungu tangu siku ya kwanza.

Miaka kama kumi na saba baadaye alitokea mwandishi mwingine, Nojima Shinji, aliyependa sana njia hii. Pengine kuliko ilivyofaa. Mwaka 1994 mchezo wake Ningen Shikkaku ulisimulia habari za mvulana anayeteswa na wenzake shuleni mpaka anakufa, na baba yake anayetafuta kisasi. Wimbo wake ulikuwa wa Simon & Garfunkel, A Hazy Shade of Winter, wa mwaka 1966. Tukumbuke kwamba mchezo ulionyeshwa kati ya Julai na Septemba, wakati wa joto kali la Japani, na huku wimbo ni wa kipupwe. Tena jina ambalo Wajapani waliupa wimbo huu zamani lina maana ya Njia ya Matembezi ya Kipupwe. Jina la kupendeza, lakini si jina la wimbo huo! Wimbo wenyewe ni wa mtu aliyeharakishwa na wakati, anayeona matumaini yake yamepukutika. Mpigo wa gitaa ndio uliosema kweli, jina likanyamaza.

Mwaka uliofuata Nojima alirudi na Miseinen, maana yake Wasiotimiza Umri: habari za kundi la vijana waliosukumwa pembeni, mmoja wao mwenye akili dhaifu, aliyechezwa vizuri sana na Katori Shingo. Hapa zilitumika nyimbo mbili za The Carpenters. Mwanzoni Top of the World, wimbo wa mtu aliye juu ya furaha zote. Mwishoni I Need to Be in Love, wa mwaka 1976. Huo wa pili Wajapani huuita Seishun no Kagayaki, Mng'ao wa Ujana. Kumbe maneno yake ni ya mtu aliyekwisha kupoteza miaka mingi akitaka ukamilifu katika dunia isiyo kamilifu. Tuseme nini juu ya jina hilo? Wengine watasema ni uongo wa wauzaji. Sisi twaona kwamba safari hii kosa limezaa jambo. Vijana wale wa mchezo hawana mng'ao wowote machoni pa watu, na Karen Carpenter mwenyewe alikuwa amefariki tangu Februari 1983, akiwa na miaka 32. Sauti ya marehemu ikawaita vijana ambao wengi wao walikuwa wadogo mno kumkumbuka akiwa hai. Albamu iliyokusanya nyimbo hizo iliuzwa huko Japani zaidi ya nakala milioni mbili.

Wauzaji, bila shaka, waliona. Mwaka huo huo wa 1995 Fuji TV ilionyesha Koibito yo, na wimbo wake To Love You More ulitungwa makusudi kwa mchezo huo: Celine Dion aliuimba, Hakase Taro na wenzake wa Kryzler & Kompany wakapiga fidla. Ulifika nafasi ya kwanza katika Japani nzima. Ni wimbo mzuri, hatukatai. Lakini nguo iliyoshonwa kwa kipimo haishangazi mtu inapokaa vizuri mwilini.

Mwaka mmoja kabla, kituo hicho kilikuwa kimeonyesha Krismasi ya Miaka 29, habari za rafiki watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja, wanaokaribia miaka thelathini bila kuoa wala kuolewa, katika nchi ambamo zamani msichana aliyepita miaka 25 alitaniwa kuwa ni keki ya Krismasi iliyolala dukani. Wimbo ulikuwa wa Mariah Carey, All I Want for Christmas Is You, ambao Wajapani waliuita Krismasi ya Wapenzi. Walinunua zaidi ya milioni moja, na kumbe Marekani kwenyewe haukufika nafasi ya kwanza mpaka Desemba 2019. Wakristo wa Japani ni wachache sana, na usiku wa Krismasi huko ni usiku wa wapenzi kula pamoja mjini. Basi hatuwezi kuwadai hori la Betlehemu. Tunachouliza ni kama wimbo unafaa mchezo. Twaona wafaa, kwa maana ni wimbo wa kuomba, na rafiki wale watatu wanaomba huku wakicheka.

Pride, wa mwaka 2004, hautupendezi vivyo hivyo. Tena ni Nojima, naye Kimura Takuya anacheza hoki juu ya barafu. Wimbo mkuu ni I Was Born to Love You, ambao Freddie Mercury aliutoa peke yake mwaka 1985, na wenzake wa Queen wakautengeneza upya kwa albamu ya 1995, miaka minne baada ya kifo chake. Nyimbo nyingine za Queen zinafuata, moja baada ya nyingine, kila mtu anapoingia uwanjani au anapoachana na mpenzi. Albamu ilipanda mpaka nafasi ya kwanza. Lakini mchezo? Tumeusahau nusu, na nyimbo twazikumbuka zote.

Tuulinganishe na ule wa 2002, Sora kara Furu Ichioku no Hoshi, wa Kitagawa Eriko, na Kimura huyo huyo. Humo Elvis Costello anaimba Smile, ambao sauti yake Chaplin aliitunga kwa senema ya 1936. Wimbo mmoja tu, kwa sauti ya chini, unaomwambia mtu atabasamu. Na habari yenyewe yaishia katika damu ya ndugu wawili wasiojuana. Tulipousikia mara ya mwisho, hatukuweza kutabasamu.