Zawadi ya Sikukuu Inayokalisha Nyumba Nzima

Jamani, nimeifungua Dobble na sasa siwezi kuiweka chini! Ni kopo la bati la duara, dogo, linaloingia kwenye mkoba bila kuomba nafasi. Ndani mna kadi 55, nazo za duara, na kila kadi imechapwa picha 8: buibui, nanga, kobe, ufunguo, punda milia, mshumaa. Basi, ni hivyo tu. Hakuna dadu wala noti za karatasi za kuhesabu. Sasa chukua kadi mbili zozote, zozote kabisa, uziweke pamoja. Kuna picha moja iliyomo katika zote mbili. Ni moja tu, na haikosekani kamwe. Anayeiona kwanza anaitaja kwa sauti, na kadi ni yake. Raundi ya kwanza haijaisha, watu wameshasimama, wanapiga kelele, wanabishana nani alitangulia kusema “kobe”!

Nilidhani hapa pana ujanja fulani, kwamba wamepanga kadi chache vizuri na nyingine zitafeli. Nikazichanganya, nikazichomoa ovyo ovyo, mbili mbili, nikitafuta jozi isiyo na picha ya pamoja. Haipo! Siri ni hisabati safi. Ukitaka kila kadi ibebe picha 8, na kila kadi mbili zikutane kwenye picha moja tu, basi picha 57 zinatosha kutengeneza kadi 57. Mchezo unatumia 55 kati ya hizo. Chini yake ni aina ya jiometri ambamo kila mistari miwili, hata iende wapi, hukutana mahali pamoja tu: weka kadi badala ya mstari na picha badala ya nukta, nawe umeipata Dobble. Mwalimu wa hisabati akipewa kopo hili ana kipindi kizima cha kufundisha, na mtoto wa miaka saba akipewa kopo hilohilo anacheza mara moja bila kujua lolote kuhusu jiometri. Napenda sana kitu kinachoweza kufanya yote mawili.

Na huyo mtoto wa miaka saba atakushinda. Atakushinda kihalali! Katika michezo mingi mtu mzima humwachia mtoto ashinde, na mtoto hujua kwamba ameachiwa, raha ikapungua. Hapa jicho lake jepesi ndilo silaha, na baba mwenye shahada mbili anabaki anakodoa macho kwenye picha aliyoishika mwenyewe.

Ninasema haya yote kwa sababu ya Desemba. Mabasi ya Moshi, Bukoba na Mbeya yanajaa, na nyumba iliyokuwa na bibi na mjukuu mmoja inapokea watu kumi na tano kwa usiku mmoja: mashemeji, wajomba, mabinamu waliokutana mara ya mwisho wakiwa wadogo, mtoto aliyezaliwa ughaibuni anayeelewa Kiswahili lakini anaona haya kukisema. Idi nayo ni hivyo hivyo kwa walio Tanga, Mombasa na Unguja. Kila mmoja anatoa simu, anajikunja pembeni. Zawadi ninayoitafuta ni ile itakayowaita wote wakae mkeka mmoja. Dobble inawaita, kwa kuwa picha hazina lugha. Bibi ataita buibui kwa Kichaga, mjukuu wa Dar kwa Kiswahili, binamu wa ng'ambo kwa Kiingereza, na wote watatu watakuwa sahihi.

Kwa hiyo kabla hujatazama bei, kabla hujavutiwa na rangi za boksi, jiulize watakaocheza ni akina nani na wako wangapi. Kisha jiulize ni muda gani utapita kati ya kufungua boksi na kucheza raundi ya kwanza. Maelezo yakichukua nusu saa, umeshawapoteza. Wengine wamerudi kwenye pilau, wengine kwenye mpira. Hiyo ndiyo sababu, kwa uchungu wa kweli, nimeiweka pembeni Wingspan. Ni mchezo mzuri mno! Elizabeth Hargrave aliutoa mwaka 2019, na mwaka huohuo ukatwaa tuzo ya Ujerumani ya michezo ya wachezaji wazoefu. Una kadi 170 za ndege, kila moja ni mchoro wa kutundikwa ukutani, na vijiyai vya rangi ambavyo vidole havitaki kuviacha. Lakini karibu kila kadi ina maneno ya Kiingereza yanayoeleza uwezo wa ndege huyo, na ukiyaruka umeukosa mchezo. Mpe rafiki anayependa ndege na kusoma, au wanandoa wawili wenye jioni tulivu. Atakushukuru mwaka mzima. Catan ya Klaus Teuber, ile ya mwaka 1995, nayo naipenda, ila boksi lake la kawaida ni la watu watatu au wanne, na nyumba ya sikukuu haina watu wanne.

Sasa niwaambie kuhusu The Mind, kwa kuwa bado nywele zimenisimama. Mwaustria Wolfgang Warsch aliutoa mwaka 2018, na ukiusikia ukielezwa utasema huo si mchezo. Kadi zina namba, kuanzia 1 hadi 100. Hatua ya kwanza kila mtu anapewa kadi moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, na kazi yenu nyote ni kuziweka mezani kwa kupanda, kutoka ndogo kwenda kubwa. Hakuna zamu. Na hakuna kusema! Hakuna kukonyeza, kukohoa wala kuonyesha vidole. Una 43. Meza imefika 30. Je, uweke sasa, au mwenzako ana 38? Unamtazama. Anakutazama. Anatulia, nawe unasikia utulivu wake unakwambia kwamba kadi yake ni kubwa. Unaweka 43, naye papo hapo anaweka 47, na meza nzima inashangilia kwa sauti iliyobanwa muda wote huo!

Hamshindani hapa, mnashinda au mnashindwa pamoja. Ndugu wawili waliokuja sikukuu wakiwa hawajazungumza vizuri tangu ule mgogoro wa shamba wanaweza kukaa kwenye mchezo huu na kuhitajiana, bila mtu kuwalazimisha waongee. Nimeona mezani mama na binti yake wa kidato cha pili wakifika mbali kuliko vijana waliojiona wajanja, na haikunishangaza: wale wawili wamesomana nyuso miaka mingi. Kasoro yake ni moja, kwamba wachezaji hawazidi wanne. Wengine watasimama nyuma kutazama, na hapo ndipo tabu ya kuwanyamazisha watazamaji inapoanza.

UNO wengi wenu mnayo au mmeiona. Ni kazi ya kinyozi wa Ohio, Merle Robbins, tangu mwaka 1971, na kwa mtu wa Nairobi aliyezoea kutangaza “niko kadi” hakuna la kufundishwa, msingi ni uleule. Ni zawadi salama, inapatikana kirahisi. Lakini nikiwa na pesa ya kitu kimoja tu, ningenunua karata za kawaida, zile 52 zenye kopa, uru, pau na shupaza, ningechagua pakiti nzuri isiyokunjika, kwa sababu mle ndani mna michezo isiyohesabika na wazee wa nyumba wanaijua mingi kuliko wewe. Tahadhari tu: kuna nyumba ambamo karata zimefungamana na kamari, na mgeni mwenye adabu hapeleki karata kwa baba mkwe kabla hajajua msimamo wake. Kwenye nyumba kama hiyo kopo la Dobble halimkwazi mtu.

Azul! Siwezi kuipita. Michael Kiesling aliitoa mwaka 2017, na mwaka 2018 ikapata tuzo ya mchezo bora wa mwaka Ujerumani. Ni vigae 100 vya rangi tano, vizito kidogo, laini, vinavyogongana kwa mlio mtamu ndani ya mfuko wa kitambaa. Mnapamba ukuta wa jumba kwa mtindo wa vigae vya Ureno. Unachukua vigae vyote vya rangi moja kutoka kisahani, vinavyobaki unavisukuma katikati, na hapo uchoyo unaanza: ukichukua vingi kuliko nafasi yako, vinavyozidi vinaanguka sakafuni na kukupunguzia alama. Hakuna neno la kusoma kwenye vigae wala ubao. Ni mtulivu, ni mzuri kwa macho, na una meno. Ni wa wawili hadi wanne. Mnunulie shangazi anayependa mapambo ya nyumba.

Halafu, baada ya kutandaza maboksi yote haya ya ng'ambo, nikafunuliwa bao jipya, limetoka kwa fundi, bado lina harufu ya mninga. Na mapigo ya moyo yakabadilika.

Safu 4, mashimo 8 kila safu, kete 64. Kete zenyewe ni mbegu za komwe, za kijivu, ngumu, zimejisugua zenyewe mpaka zinang'aa. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 zikiwa ndani ya nyumba, lile shimo la pembe nne, na 22 mkononi. Unanamua: unatia kete moja, unakula za mwenzako zilizo mbele yako, unazisambaza kuanzia kichwani, kete ya mwisho inaangukia shimo lenye kete, unakula tena, unazunguka tena, mpaka ilale kwenye shimo tupu. Zamu moja inaweza kugeuza ubao wote! Na nyumba yako uitunze au uifungue uende safari? Swali hilo tu linatosha kumkosesha mtu usingizi. Zikiisha za mkononi mnaingia mtaji, na hesabu inakuwa nzito zaidi. Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt aliandika tasnifu nzima, mwaka 1995, kuhusu mabingwa wa bao na uwezo wa akili zao. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao. Mchezo wa hadhi hii tunauacha barazani kwa wazee, halafu tunaagiza maboksi meli nzima!

Utasema nimevunja kipimo changu, kwamba bao halielezeki kwa dakika tano. Ni kweli, bao la Kiswahili linataka muda. Ila lipo bao la kujifunza, ambalo kete zinawekwa mbili mbili katika kila shimo na mnaanza moja kwa moja bila namua. Mtoto anayejua kuhesabu anacheza. Na tofauti na maboksi mengine yote, kwa bao mwalimu tayari yumo ndani ya nyumba. Ni babu. Mpeleke mjukuu kwake na ubao mpya, na yule mzee anayesinzia kwenye kiti wakati wengine wanacheza UNO atavuta kiti, atakunja mikono ya shati, na atamla mtoto mkononi kabla hata mtaji haujafika.

Agizeni mapema, fundi mzuri hakimbizwi wiki ya mwisho. Mwambieni mashimo yawe na kina cha kutosha kete nyingi zisimwagike, nyumba mbili zichongwe za pembe nne zionekane wazi, na ubao upigwe msasa mpaka ndani ya mashimo. Komwe hesabuni wenyewe kabla ya kulipa: 64, na mwombe chache za akiba, maana watoto watazipoteza chini ya makochi.