Kitanda cha Mwana Kupona: Uuguzi na Unyumba katika Utendi wa Mwana Kupona

Utangulizi

Utendi wa Mwana Kupona ni miongoni mwa tungo za Kiswahili zilizohakikiwa mara nyingi, na aghalabu uhakiki huo umezunguka swali moja: je, mtunzi anamfunza bintiye utumwa wa ndoa au hekima ya ndoa? Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa anwani iliyoutambulisha kama ushauri juu ya wajibu wa mke. Anwani hiyo imekuwa mlango ambao wasomaji wengi wameuingilia. Wapo waliousifu utendi kwa maadili yake, na wapo walioulaumu kwa kumweka mwanamke chini ya nyayo za mumewe. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliuangalia upya kwa kuzingatia uhusiano wa lugha, ushairi na mamlaka, na akaonyesha kwamba utungo huu hauwezi kumalizwa kwa usomaji wa juujuu.

Pamoja na wingi wa maoni hayo, jambo moja limepitwa haraka mno. Nasaha hizi zinatolewa na mgonjwa. Msemaji wa utendi amelala kitandani, na maradhi yake, kwa kauli yake mwenyewe, yametimiza mwaka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa hali hiyo si pazia la kufungulia utungo tu. Ndiyo inayotoa maarifa yaliyomo katika sehemu mashuhuri zaidi ya utendi, yaani beti zinazoeleza namna ya kumtunza mume. Aidha, ndiyo inayofichua pengo kubwa la utungo huo: mke anafundishwa kuuguza, lakini hakuna anayefundishwa kumwuguza mke.

Mwaka wa Kimya

Ubeti wa kwanza unamwita binti asogee karibu na mamake. Wa pili unataja maradhi na muda wake, kisha unaongeza kwamba katika muda huo wote mama hakupata kumtamkia mwanawe neno jema. Kama kilichokosekana kilikuwa nguvu, faragha au nafasi, utendi hausemi. Lililo wazi ni kuwa maradhi yanapimwa hapa kwa kimya yalichokileta, wala hayapimwi kwa maumivu. Hakuna maelezo ya homa, wala ya dawa, wala ya waganga. Mwaka mzima umepita bila mazungumzo ya mama na binti, na hilo ndilo linalomsikitisha mgonjwa.

Yawezekana kupinga kuwa ugonjwa ni desturi ya fani ya wasia: anayeusia sharti awe anakaribia kufa, na hivyo kitanda cha Mwana Kupona ni samani ya kawaida ya fani. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Desturi ingeridhika na kutajwa kwa mauti. Utendi huu unataja muda, tena muda mrefu, na maradhi ya mwaka hayana sura moja na kifo cha ghafla. Ni maradhi ya kuamkia na kulalia, ambayo humfanya mtu ayajue mambo madogo ya chumba chake: nani kaingia, nani katoka, mlango umefungwa kwa upole au kwa kishindo. Ikumbukwe pia kwamba binti anaagizwa alete wino na karatasi. Anayeitwa kukaa kando ya kitanda anakuwa mwuguzaji na mwandishi kwa pamoja. Mgonjwa naye, badala ya kuomba, anatoa: anamvika mwanawe hirizi na kidani cha lulu na marijani, ambavyo ni mithali ya maneno yenyewe.

Utumishi au Uuguzi?

Tukiwa na picha hiyo, beti zinazohusu mume zinabadilika sura. Mama anamwagiza binti kwamba mume akilala asimwamshe wala asipaze sauti. Asiinuke alipoketi, ili mume anapozinduka asianze kumtafuta. Ampapase, na asikosekane mtu wa kumpepea. Akiamka aandikiwe chakula, mwili wake usingwe na kuoshwa. Anyolewe, ndevu zake zitengenezwe, na afukizwe udi asubuhi na jioni.

Msomaji aliyekwisha kukaa na mgonjwa wa muda mrefu ataitambua orodha hii mara moja. Kunyamaza, kupepea, kukanda, kulisha, kuosha, kufukiza, na juu ya yote kuwapo pale macho yanapofumbuka, ni kazi za uuguzi. Zinarudiwa kila siku, na baadhi mara mbili kwa siku, bila matarajio kwamba zitamalizika. Utendi hausemi popote kwamba mume huyo ni mgonjwa; kwa hakika anaonekana kuwa mzima. Lakini anayeagiza si mzima. Thamani ya kumkuta mtu ameketi papo hapo wakati wa kuzinduka haijulikani na aliyelala usiku mmoja akaamka na siha yake. Inajulikana na yule aliyezinduka mara nyingi kwa muda wa mwaka na kugeuza shingo kumtafuta mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; Mwana Kupona alikijua chake.

Tashibihi iliyoleta mjadala mwingi zaidi inaunga mkono usomaji huu. Mama anasema mume atunzwe kama kijana asiyejua kunena, ambapo kijana ana maana ya mtoto mdogo. Yawezekana kuiona kama ishara ya unyenyekevu wa mke, na yawezekana vilevile kuiona kama kejeli inayomgeuza bwana wa nyumba kuwa mtoto mchanga. Usomaji wa tatu ni huu: asiyejua kunena ni yule ambaye haja yake lazima itambuliwe kabla haijatamkwa. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Mtoto na mgonjwa wanakutana katika hali hiyo moja. Na katika utendi huu, aliyekaa mwaka bila kutamka ni mtunzi mwenyewe. Ubeti wa pili na ubeti wa tashibihi vinaitikiana. Mume anavikwa hali ambayo mke ndiye aliyeiishi.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kutokana na kitenzi kuugua Kiswahili kimeunda kuuguza, kwa kiambishi ambacho kwa kawaida huonyesha kusababisha. Hata hivyo, anayemwuguza mtu hamsababishii ugonjwa. Huushiriki kwa kuuhudumia. Mwuguzaji na mwuguaji wamefungwa katika mzizi mmoja. Utendi unaujua ukweli huu, ingawa unauweka chini ya kichwa kingine, yaani wajibu wa mke.

Mume Aliyekwisha Kuondoka

Yuko wapi, basi, mume wa mgonjwa? Utendi ulipotungwa, mwaka 1858, Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siyu, alikuwa amekwisha kufariki. Mjane wake anamkumbuka katika beti chache zenye joto kubwa. Waliishi kwa furaha na mizaha, hawakuteta hata siku moja, na ulipowadia wakati wake wa kufa alimkaririria mkewe radhi zake. Tangu hapo kilio cha mjane hakijakoma.

Beti hizi zinazuia usomaji unaomfanya mume wa utendi kuwa dhalimu tu. Kuna upendo hapa, na kuna mwenzi ambaye kumbukumbu yake inamtegemeza mgonjwa hata baada ya kufa. Hata hivyo, mizani haijasawazika. Mke alitoa mikono, usingizi na miguu. Mume alitoa neno. Ni neno zito kwa imani ya jamii hiyo, kwa kuwa radhi ya mume inatajwa kuwa ufunguo wa pepo ya mke. Lakini radhi haimpepei mtu. Katika beti zote 100 na kitu, hakuna mume anayeonekana akimkanda mkewe au akiketi kimya asimwamshe. Wala hatuwezi kudai kwamba Bwana Mataka hakuyafanya hayo. Inawezekana aliyafanya, na fani ya wasia wa mama kwa binti haikuwa na nafasi ya kuyataja. Hilo ndilo jambo la kuhakikiwa: fani ina msamiati mpana wa mke anayetunza, na haina hata kitenzi kimoja cha mke anayetunzwa.

Nafasi hiyo tupu inajazwa na Mwenyezi Mungu. Sehemu ya mwisho ya utendi ni dua ndefu, ambamo mgonjwa anawaombea wanawe na jamaa zake, na kujiombea mwenyewe afya. Hata jina la mtunzi, Kupona, linasikika humo kama ombi. Kile ambacho binti ameagizwa akifanye kwa mume bila kuombwa, mama hana budi kukiomba kwa Mola.

Hitimisho

Utendi unawaalika wanawake wote wausome na kuuelewa, na umetumiwa kwa vizazi vingi kuwafunda mabinti. Kwa hiyo suala lililojadiliwa hapa halikomei katika historia ya fasihi. Katika nyumba ambamo mmoja wa wanandoa anaishi na kisukari, kansa au ugonjwa wa moyo, kazi aliyoiorodhesha Mwana Kupona inafanywa kila siku, nayo haichagui jinsia ya mgonjwa. Anayeufunza utendi kama sheria ya mke peke yake anawanyima waume maarifa ambayo huenda wakayahitaji kesho. Anayeutupa kwa kuwa ni sheria ya mke anayatupa maarifa hayo pamoja nao.

Mhakiki hawezi kumtilia Mwana Kupona kinywani maneno ambayo hakuyasema. Hakuusia kwamba waume wawapepee wake zao. Anachoweza mhakiki ni kuonyesha kwamba maagizo yale yalitoka kitandani, na kwamba aliyeyatoa aliijua kila haja aliyoitaja kwa sababu mwili wake ulikuwa nayo. Utendi ukisomwa kutokea hapo, swali la utiifu linabaki, lakini halibaki peke yake. Linafuatwa na jingine, ambalo wahakiki wa utendi huu wangefaa kulishughulikia: aliyejua vizuri kiasi hicho namna ya kutunzwa, ni nani aliyekuwa ameketi papo hapo alipozinduka?