"Baba Yetu" Mlangoni mwa Mchezo: Kiswahili katika Civilization IV

Kila panapozungumzwa kuenea kwa Kiswahili ulimwenguni, wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin hutajwa kama ushahidi. Wimbo huo ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, uliotoka mwaka 2005, na mwezi Februari 2011 ulipata tuzo ya Grammy. Ulikuwa utungo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo. Sifa zake hazina ubishi. Hata hivyo, wengi wanaousifu huishia kwenye tuzo. Maneno yenyewe hayasomwi kama matini ya Kiswahili. Wala haiulizwi ni kwa nini kampuni ya Marekani, ambayo wanunuzi wake wengi hawaelewi hata neno moja la lugha hii, iliamua kufungua mchezo wake kwa sala ya Kiswahili isiyofasiriwa. Maswali hayo mawili hayatenganishwi kwa urahisi.

Historia ya mchezo huu ni historia ya kampuni zilizokuwa zikitapatapa. MicroProse iliundwa na Sid Meier na Bill Stealey mwaka 1982 katika jimbo la Maryland. Civilization ya kwanza, ambayo humtaka mchezaji aongoze taifa moja kuanzia mwaka 4000 K.K. hadi zama za vyombo vya anga, ilitoka mwaka 1991. Miaka miwili baadaye MicroProse ililemewa na hasara ikanunuliwa na Spectrum HoloByte. Mchezo ukahamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine: Amiga, Macintosh, Windows, hata Super Nintendo. Mwaka 1995 likatolewa toleo la kuchezwa na watu wengi kwa njia ya mtandao, CivNet, na mwaka 1996 ikafuata Civilization II. Mwaka huohuo Meier aliondoka akaanzisha Firaxis pamoja na Brian Reynolds na Jeff Briggs, huku jina la mchezo likibaki kwa wenye mali. Jina lenyewe likagombaniwa mahakamani na Activision, ugomvi uliomalizwa mwaka 1998 kwa mapatano. Mwaka huo MicroProse ilinunuliwa na Hasbro; mwaka 2001 kitengo cha michezo ya kompyuta cha Hasbro kikanunuliwa na Infogrames ya Ufaransa; na Infogrames, iliyokuwa imejivika jina la Atari na kuelemewa na madeni, ikaiuzia Take-Two haki za Civilization mwishoni mwa mwaka 2004 kwa dola milioni 22.3.

Kwa msomaji wa Manono, mtiririko huu si mgeni. Mji uliozoea kuona kampuni ya bati ikiitwa Géomines, kisha Congo-Étain, kisha Zaïrétain, huku lundo la mawe likibaki palepale, unaelewa vyema kwamba mali inaweza kudumu huku mwenyewe akibadilika.

Katika hali kama hiyo mwendelezo huwa kimbilio. Jina linalojulikana huuzika, na kuhamishia mchezo wa zamani katika mashine mpya kuna gharama ndogo kuliko kubuni mwingine. Kwa upande wa kanuni, Civilization IV iliyosimamiwa na Soren Johnson haikuwa nakala tupu: dini ziliingizwa kwa mara ya kwanza kama nguvu ndani ya mchezo, na mfumo wa utawala ukafumuliwa. Lakini ujasiri unaokumbukwa zaidi ni ule wa dakika ya kwanza. Johnson alimwomba Tin, waliyesoma naye Chuo Kikuu cha Stanford, atunge muziki wa ukurasa wa kufungulia, na Tin akaleta Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ikaimbwa na Talisman, kikundi cha wanafunzi cha chuo hichohicho. Hapo palikuwa na uthubutu. Ungeweza kutazamiwa muziki wa ala tupu, wenye tarumbeta na ngoma za vita, kama ilivyo desturi ya michezo ya namna hii.

Sasa matini. Mtungaji hakufuata tafsiri ya Union ya mwaka 1952, ambayo huomba "riziki", wala sala ya Kikatoliki inayosaliwa Afrika ya Mashariki, ambayo huomba "mkate" wa kila siku. Wimbo unaomba "chakula", na msamiati wake kwa jumla unaafikiana na tafsiri ya Habari Njema, iliyokusudiwa tangu mwanzo kuwa ya lugha nyepesi. Uteuzi huo una matokeo. "Riziki" lina uzito wa Kiarabu cha pwani na dhana nzima ya mgawo wa Mungu. "Mkate" unabeba ibada ya altareni. "Chakula" ni neno la sokoni. Sala iliyokusudiwa kuwakilisha binadamu wote imechukua neno lisilo na dhehebu, na hilo ni chaguo zuri kuliko inavyodhaniwa.

Mpangilio wa maombi nao umebadilishwa. Katika Injili ya Mathayo ombi la ufalme hutangulia ombi la chakula. Wimbo unaanza na chakula, msamaha na majaribu, kisha ndipo unapandisha sauti kuomba ufalme. Mtaalamu wa liturujia atanung'unika. Lakini katika mchezo ambao mchezaji huanza na shamba na kuishia na himaya, mpangilio huo unaoana na safari yake: tumbo kwanza, dola baadaye. Haielekei kwamba ulinganifu huu ulikusudiwa. Zaidi ni haja ya muziki, ambao ulihitaji kilele. Hata hivyo upo, na uhakiki hauna sababu ya kuupuuza.

Mahali penye utata mkubwa ni mwanzoni, ambapo kimilikishi "yetu" hurudiwa baada ya neno "mbinguni". Kwa sarufi sanifu, nomino yenye kiambishi cha mahali -ni huchukua upatanisho wa mahali: kwetu, petu au mwetu. Wako wanaoliona hilo kuwa kosa la wazi, na wengine huenda wakasema kuwa ni Kiswahili cha wageni. Hoja hiyo haisimami, na anayeiangusha ni matini yenyewe. Mistari michache baadaye "chakula" kinafuatwa na kimilikishi cha ngeli yake, "chetu", na kitenzi kinachofuata kinabeba kirejeshi -cho- ipasavyo. Mtu anayeweza kupatanisha hivyo hakushindwa na "mbinguni". Ni wazi kwamba "yetu" ya pili na ya tatu hairejelei mbingu: inarudi kwa "Baba", kama waitikiaji wanavyodaka neno la mwisho la kiongozi na kulirudisha kabla hajamaliza sentensi. Huo ni mtindo wa kwaya, nao hausomeki vizuri kwenye karatasi kwa sababu karatasi haionyeshi nani anaimba. Irabu "e" inayoingizwa kati ya maneno ni ya mtindo huohuo; hujaza pigo, haina kazi nyingine.

Inafaa kuongezwa kwamba sikio la Katanga lina nafasi ya pekee katika suala hili. Katika Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi na miji ya migodi, ambacho Edgar Polomé alikieleza katika miaka ya 1960, upatanisho wa ngeli umepunguzwa sana, na "chakula yetu" ni usemi wa kila siku. Msikilizaji wa huku angeweza kupita juu ya "mbinguni yetu" bila kujikwaa, halafu akajikwaa kwenye "chetu", akihisi kuwa anasomewa kitabu. Wimbo uliotangazwa kuwa wa Waswahili wote unaonekana, ukitazamwa kutoka Manono, kuwa wa Kiswahili cha mashariki na cha Biblia.

Kuhusu mkazo, Tin alikuwa mwangalifu. Katika maneno mawili ya kwanza pigo zito linaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, pale hasa lugha inapolitaka. Kwaya nyingi za Ulaya na Marekani zilizouchukua wimbo huu zilirithi matamshi karibu sahihi bila kujua, kwa kuwa muziki wenyewe unawashika mkono.

Kasoro kubwa haimo katika wimbo bali katika kile kinachofuata. Mchezaji akibonyeza kitufe cha kuanza, Kiswahili kinatoweka. Mchezo uliuzwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia na Kihispania. Kila elimu mpya inapopatikana, sauti ya Leonard Nimoy husoma nukuu kwa Kiingereza. Na katika orodha ya mataifa ya kuongozwa hakuna dola ya Waswahili. Mgeni amepigiwa hodi kwa lugha moja, akakaribishwa kwa nyingine. Kwa hiyo uthubutu uliosifiwa ulikuwa wa bei nafuu. Uthubutu wenye gharama uliepukwa, na haukuanza kuepukwa hapo: Colonization ya MicroProse, iliyotoka mwaka 1994, ilisimulia ukoloni wa Amerika bila biashara ya watumwa, na Firaxis ilipoirudia mwaka 2008 kwa kutumia mitambo ya Civilization IV, pengo hilo liliachwa lilivyo. Wimbo wa Kiafrika mlangoni ulikubalika. Waafrika ndani ya merikebu walisumbua biashara.

Miendelezo iliyofuata inathibitisha kwamba lugha ilichukuliwa kama vazi. Mwaka 2010 Civilization V ilitoka bila wimbo wa Tin. Aliporudi mwaka 2016 kwa Civilization VI alileta "Sogno di Volare" kwa Kiitaliano, na kwa Civilization VII ya mwaka 2025 alileta wimbo wa Kigiriki cha kale. Kilichogeuka kuwa desturi ni umbo: kwaya kubwa, lugha ambayo wengi hawaielewi, kilele. Kwa mtunzi hilo ni halali kabisa, maana albamu yake Calling All Dawns ya mwaka 2009, iliyochukua "Baba Yetu" kuwa wimbo wake wa kwanza, imejengwa juu ya lugha kumi na mbili. Kwa watetezi wa Kiswahili ni jambo la kufikiriwa kabla ya kuushangilia wimbo huo kama ushindi wa lugha.

Toleo la mwaka 2016 lina Kongo miongoni mwa mataifa yake, chini ya Mvemba a Nzinga, mfalme aliyetawala tangu mwaka 1509, na mfalme huyo anazungumza Kikongo. Zanzibar nayo imo, kama mji mdogo unaojitawala. Haina kiongozi wa kuzungumza naye wala wimbo wake. Anayeuweka mji huo chini ya himaya yake hupewa mdalasini na karafuu.