Kirejeshi, Sifa na Athari Yake: Kasoro Moja ya Tafsiri kutoka Kiingereza

Kati ya kasoro za tafsiri kutoka Kiingereza, mojawapo ya zile zilizo ngumu kutambulika ni ya kishazi rejeshi kinachotaja athari ya sifa au ya tendo. Kasoro hiyo hujificha kwa kuwa sentensi yenyewe huonekana imekamilika.

Neno la Kiingereza “which” laweza kurejelea nomino iliyolitangulia. Laweza pia kurejelea sentensi nzima. Katika “The nurse spoke in a soft voice, which calmed the child”, kilichomtuliza mtoto ni sauti, ni upole wake, au ni kule kusema kwenyewe? Mwingereza halazimiki kujibu. Mswahili analazimishwa na upatanisho wa ngeli. Akisema “kwa sauti ya upole iliyomtuliza mtoto”, sifa amezipewa sauti. Akisema “kwa upole uliomtuliza mtoto”, sifa zimeuendea upole. Na akitaka kulitaja tendo, atasema “kusema kwake kwa upole kulimtuliza mtoto”. Kiswahili hakina ngeli ya sentensi nzima, hivyo hapana budi kisababishi kipewe jina.

Mfasiri asiyelitambua jambo hili hukimbilia “ambayo”. Huandika: “Dereva alifunga breki ghafla, ambayo ilimwangusha abiria.” Kwa sarufi ya Kiswahili, hapo breki ndiyo iliyomwangusha abiria, na dereva ameepukana na lawama. Katika riwaya kosa hili litamchekesha msomaji. Katika maelezo ya shahidi, laweza kumhamishia mtu hatia au kumwondolea. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na uzito wa tafsiri za aina hii umeongezeka vivyo hivyo.

Wengi hujiponya kwa kuandika “jambo lililomwangusha abiria”. Ni sahihi, ingawa magazeti yamelitumia neno hilo “jambo” hata limechujuka. Iliyo bora zaidi ni njia ya wasimuliaji: “Dereva alifunga breki ghafla, abiria akaanguka.” Kiambishi -ka- chatosha kuonyesha kwamba tukio la pili limelifuata la kwanza, bila ya kirejeshi chochote.

Pale ambapo sifa ni ya kudumu, utajiri wa Kiswahili huzidi kuonekana. “Moshi wa kuumiza macho” ni moshi wa namna hiyo, hata kama hapana jicho karibu. “Moshi ulioumiza macho” ni wa siku moja, na kuna walioumia. “Moshi uumizao macho” hautaji wakati; hutaja tabia ya moshi wenyewe. Umbo hili la mwisho, ambalo methali na mashairi yamelihifadhi, limekuwa adimu katika insha za wanafunzi, ambao huandika “moshi ambao unaumiza macho” kila mahali, kana kwamba maana zote tatu ni moja.

Hata hivyo, amba- haistahili kufukuzwa. Kirejeshi cha ndani ya kitenzi hakikubaliani na -me- wala na hu-. Anayetaka kusema “moshi ambao umeumiza macho” au “moshi ambao huumiza macho” hana njia nyingine ya kutumia urejeshi bila kuubadili wakati wa kitenzi. Hapo amba- imo mahali pake.