Askofu Aliyesoma Mawe

Kitabu tunachokipima leo ni kidogo, hakifikii kurasa 100. Kilipigwa chapa kwa Kilatini mjini Florence, Italia, mwaka 1669. Mtungaji wake ni Nicolaus Steno, mganga wa Denmark, aliyezaliwa Mlutheri mwaka 1638. Aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1667, akapewa upadre mwaka 1675 na uaskofu mwaka 1677. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988.

Huenda msomaji akauliza: Yatufaa nini hayo sisi watu wa Bunia? Yatufaa sana. Twakaa katika nchi ambayo wengi hupasua mawe kutafuta dhahabu, lakini wachache huyauliza mawe habari zake.

Steno auliza jambo moja tu: Kitu kigumu kikionekana ndani ya kigumu kingine, kipi kilitangulia kuwa kigumu? Ajibu: kile kilichoacha alama ya umbo lake katika kingine. Siku zile watu walisema ya kwamba meno ya samaki papa yaonekanayo ndani ya miamba yaliota humo humo. Steno alikuwa amepasua kichwa cha papa mwaka 1666, akayajua meno yake. Akaonyesha ya kwamba yalizama katika matope, na matope yakawa jiwe baadaye. Vivyo hivyo tabaka za udongo: ile ya chini ilitangulia kuwekwa.

Na tumpime kwa mawe yetu. Huko Kilo, ambako dhahabu ilivumbuliwa mwaka 1903, mishipa ya jiwe jeupe liitwalo kwatzi hupita katika mwamba. Basi mwamba ulitangulia. Ukapasuka, maji ya moto yakaingia katika nyufa, yakaacha kwatzi na dhahabu. Baadaye mvua na mito ilimomonyoa mishipa hiyo, na chembe za dhahabu zikafika katika mchanga wa mito. Tena, kule Ishango, Kivu, mto Semliki unapotoka Ziwa Edward kuja Ziwa Albert letu, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa uliochorwa mistari. Ulikuwa chini ya majivu ya volkano. Basi mchoraji aliishi kabla ya moto ule. Wataalamu huukadiria miaka 20,000 hivi.

Kitabu hiki kina kasoro, wala hatutaificha. Maneno yake yamesongamana, na kile kitabu kikubwa alichoahidi hakikutokea kamwe. Kasoro kubwa ni hesabu: aliona miaka elfu chache yatosha kwa kazi yote hiyo, akaifunga na gharika ya Nuhu. Leo twajua ya kwamba miamba ya Kilo ina miaka zaidi ya milioni 2,500.

Je, imani yaanguka? Tumesikia vijana wakisema: ama kitabu cha Mwanzo, ama mawe. Husema hivyo, kisha huacha mafundisho ya dini. Wamekosea. Mwaka 1951 Papa Pius XII, akihutubia wataalamu wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi, alitaja maelfu ya mamilioni ya miaka pasipo hofu yoyote. Mwanzo chatufundisha nani aliyeumba, na kwa nini. Hakikuandikwa kuhesabu tabaka. Steno alikosa hesabu, lakini njia yake ilikuwa ya kweli, na kwa njia hiyo hiyo waliomfuata wakaanza kulisahihisha kosa lake.

Kwa hiyo twawasihi walimu wetu: msianze kwa kukaririsha majina ya aina tatu za miamba. Mtoto ashike kwanza jiwe la kijito chake, aulize kipi kilitangulia. Majina yatafuata. Naye atakayezoea kuuliza hivyo hataogopa mfupa wa kale, wala hatadhani ya kwamba Muumba auogopa.